Mtani Aliyenifuata Barabara ya Kigwa

Cheka ukitaka, lakini usiseme nilikuwa nimelewa. Pombe situmii, na haya hayakutokea gizani. Ilikuwa saa saba mchana, barabara ya Kigwa, na mikono yangu ilikuwa ndani ya injini.

Mimi ni fundi magari hapa Tabora, Mnyamwezi wa kuzaliwa. Mtani wangu alikuwa Mzee Kondo, Mzaramo aliyehamia huku zamani, fundi cherehani. Utani wa makabila yetu ulianza babu zetu walipokuwa wapagazi wa misafara ya pwani, na yeye aliutimiza kila asubuhi. Akipita gereji aliniuliza leo nimebeba pembe ngapi za ndovu. Nami nilimwuliza ngoma ya jana aliicheza mpaka saa ngapi. Watu wengine walimwamkia shikamoo. Mimi nilimtukana, maana kwa mtani hiyo ndiyo heshima. Nilimpenda sana mzee yule.

Alipofariki nilikuwa Igunga natengeneza lori la pamba, simu imeisha chaji. Nawe unajua kazi ya mtani msibani: azuie jeneza njiani, amwigize marehemu, adai nguo zake, mpaka wanaolia wacheke. Mimi nilifika siku ya nne, nikaketi jamvini na aibu yangu. Mjane wake, Bi Mwantumu, alinipa chai, akarudi ndani. Nilijua nimewakosea wote wawili, na sikujua radhi nianze kuiomba wapi.

Miezi miwili baadaye akaniletea gari la marehemu. Lilikuwa linamisi, yaani injini inakatakata, linatetemeka, taa ya injini inawaka, kisha linazima. Mashine yangu ya kupimia ikasema silinda ya tatu. Nikabadilisha plagi, nikabadilisha koili, hata nozeli. Pale gereji gari likanguruma vizuri, lakini likitoka nje ya mji yakawa yale yale. Mwishowe Bi Mwantumu akasema tutatoka pamoja, nikalione kwa macho yangu likimwaibisha.

Kabla ya Kigwa likamisi, taa ikawaka, likazima. Nikapima tena: silinda ya tatu. Nikamwacha amekaa mbele, nikafungua boneti, nikainama. Ndipo nikasikia mtu nyuma yangu.

"Mnyamwezi, wewe umezoea mizigo ya kichwani. Umeme utauweza?"

Wewe ungefanya nini? Mimi nilijibu bila hata kuinua kichwa, kwa mazoea ya miaka, kwamba Mzaramo hajui kazi ila ngoma, aniache. Akacheka kile kicheko chake cha puani. Akasema nimebadilisha kila kitu cha silinda ya tatu isipokuwa waya wake. Hata uzi, akasema, hukatikia ndani ya pindo, nawe nje ukauona mzima.

Nikamwomba Bi Mwantumu azungushe ufunguo. Gari likawaka. Nikaushika ule waya, nikautikisa, injini ikayumba. Nikautikisa tena, ikayumba tena. Gamba zima, ndani umekatika! Nikamwambia azime, nikauchuna, nikauunga, nikaanza kuuzungushia tepu, huku tunaendelea kutukanana. Halafu akasema taratibu:

"Siku ile nilibebwa kimya, kama mgeni."

Niamini, ni hapo tu nilipokumbuka kwamba ninayeongea naye amezikwa. Nikageuka. Barabara ilikuwa tupu. Ilibaki harufu ya mafuta, na mafuta hayanidanganyi mimi: yale yalikuwa ya cherehani.

Bi Mwantumu alichungulia dirishani akauliza nagombana na nani. Nikamweleza yote. Akaniuliza:

"Alikuwa na hasira?"

"Hapana, mama. Alikuwa ananitukana."

Akafumba macho, akasema, "Nirudishe nyumbani."

Tulipofika sikumsubiri ashuke. Nililala kizingitini pake, nikasema haingii mtu mpaka nipewe kanzu zote za Mzaramo yule. Nikainuka nikatembea kama yeye, futi shingoni, kitambi mbele, nikilalamika kwamba Wanyamwezi wa mji huu hawana viuno vya kushikia suruali. Majirani wakatoka. Bi Mwantumu alicheka mpaka akakaa chini, kisha akalia, nami nikalia naye.

"Sasa amezikwa," akaniambia.

Gari halijamisi tena tangu siku ile. Mimi ndiye niliyebaki na ugonjwa: mchana jua likiwa kali na boneti ikiwa wazi, nawatukana Wazaramo kwa sauti, kisha nasikiliza. Wateja wananiona mwehu. Mzee hajanijibu hata mara moja.

Kwa hiyo nakuonya. Mtani wako akifa, acha chochote unachofanya, kimbia ukamtukane kabla hajafukiwa. Ukichelewa huenda akakufuata, kama alivyonifuata wangu, na hilo si la kuogopa hata kidogo. La kuogopa ni siku utakayomtukana na asirudishe.