Tausi Saba Niliyompelekea Baba Mkwe

Nimekosa. Sitazunguka, maana nikianza kuzunguka nitajitetea, na kujitetea ndiko kulikonifikisha hapa. Mimi ndiye niliyemfanya baba mkwe wangu asimzike dada yake. Nilimletea redio. Redio mpya, ya bei mbaya!

Jina langu sitalitaja. Mimi ni utingo wa lori la mbao, tunapakia Mufindi tunashusha Mbeya. Mke wangu ni mtu wa Igowole, milimani Mufindi, na wazazi wake wako huko huko. Kama umenitambua, nakuomba unyamaze.

Sasa sikiliza.

Baba mkwe alikuwa na redio ndogo, Tausi Tatu. Kava lake la ngozi lilikuwa limechanika, mkono wa kubebea umefungwa kwa kamba ya mkonge. Lakini ilikuwa inasema! Jioni ikifika ni taarifa ya habari, halafu matangazo ya vifo. Hapo watoto wanafukuzwa nje, majirani wananyamaza, na mzee anainamisha kichwa karibu kabisa na spika.

Mzee alikuwa na sababu. Dada yake wa tumbo moja aliolewa Mbeya. Mama yao alipofariki, huyo dada ndiye aliyembeba mgongoni, akamlea mpaka akaoa. Sasa alikuwa anaumwa, tumbo limejaa maji. Mzee alipokwenda kumwona mara ya mwisho, dada alimwambia, "Rudi ukalime. Siku yangu ikifika watatangaza. Ukisikia jina langu uje, unitupie udongo wewe kwanza."

Simu kule hakuna. Telegramu inalala posta ya Mafinga mpaka apatikane mtu wa kuipandisha. Redio ndiyo iliyokuwa njia yao, na mimi hayo yote niliyajua. Ndiyo maana naumia!

Shida yangu ni kwamba ile Tausi Tatu sikuileta mimi. Aliileta Danieli, mume wa mdogo wake mke wangu, mtu wa mashamba ya chai. Kila nikifika, "Redio ya Danieli imesema hivi, redio ya Danieli imesema vile." Mgeni hajanywa hata maji keshaambiwa ni redio ya Danieli! Mimi nilikuwa nimeleta blanketi. Blanketi nani analisifia? Wivu ukaniingia, ukanenepa.

Na wale wenye viwanda vya redio nao! Zamani mambo yalikuwa wazi. Tausi Moja ilikuwa na bendi moja, yaani njia moja ya kudaka stesheni, Tausi Mbili bendi mbili, Tatu bendi tatu. Namba ikipanda, bei inapanda, na unaona unacholipia. Halafu wakaja washindani wao na redio inaitwa Kipanga. Hawa hawakuanza na Moja, wakaanza na Nne! Ukiifungua, bendi mbili. Tausi kuona wanaachwa wakatoa Tano. Kipanga wakajibu na Sita. Tausi wakaleta Saba, uso wote umepakwa rangi ya fedha, bei inakutoa jasho, na ndani hamna kitu. Jamani, mna nini na sisi? Mnashindana wenyewe kwa wenyewe, tunaoumia ni sisi wa milimani!

Mimi kichwani kwangu niliziona kama madarasa. Wa darasa la saba atashindwaje na wa la tatu?

Basi nikamwambia mzee, "Baba, hiyo redio ina vumbi, nipe nikaisafishe kwa fundi Mbeya." Uongo wa kwanza huo. Akanipa. Akaniambia, "Usikawie nayo, mkwe." Nikaipeleka moja kwa moja Mwanjelwa, huko huko Mbeya, kwenye duka ambalo unatoa ya zamani, unaongeza hela, unachukua mpya.

Mwenye duka akaniuliza, "Saba unaipeleka wapi?"

"Igowole."

"Aa, ndugu yangu, huko usiipeleke. Hii wamewatengenezea watu wa mjini. Ina bendi moja tu. Hapa itasema, lakini kule jioni itakuwa kelele tupu. Hiyo hiyo uliyoshika ndiyo redio ya huko."

Nilimsikia? Nilimsikia vizuri sana! Hakuninong'oneza. Lakini nikamwona kama mtu anayenidharau kwa sababu ya suruali yangu ya mafuta ya gari. Nikamjibu, "Wewe unauza au huuzi?" Akatikisa kichwa, akafunga mzigo. Mtu wa watu alijaribu kuniokoa, mimi nikamkaripia.

Nilipofika Igowole niliingia kwa madaha, nikamwamkia kwa lugha ya kwao. "Kamwene, baba!" Mzee akaipokea Saba kwa mikono miwili. Akauliza taratibu ile nyingine iko wapi, nikasema nimeiongezea hela ikazaa hii. Akaitazama kidogo. Kisha akasema, "Umenipa heshima, mkwe."

Jioni majirani wakaja, Danieli naye yupo. Mzee akawasha. Shhhhh! Akazungusha kidude. Kireno. Akazungusha tena, ngoma za ng'ambo ya ziwa Nyasa. Msomaji wetu wa habari alikuja mara moja, kama mtu anayesema akiwa ndani ya pipa, akazama.

Danieli akasema kwa upole, "Kaka, mbona hii haisemi?"

Nikamrukia! "Hii ni Saba! Saba na tatu, ipi kubwa? Hesabu ulisomea wapi wewe?" Watu wakacheka. Danieli akatazama chini. Mimi nikapanda juu ya bati na waya wa shaba, nikashuka, nikapanda tena. Mwisho nikatangaza kwamba redio mpya inataka kwanza izoee baridi ya huku. Redio izoee baridi! Na mzee akaitikia, "Ehee, itazoea."

Hapo ndipo penye kosa lenyewe. Kwetu mkwe hagombezwi. Baba mkwe hawezi kukuambia usoni kwamba zawadi yako ni mbovu, ni aibu kwake na kwako. Akiwa na neno analipitishia kwa binti yake. Mimi nilijua mzee amefungwa mdomo na heshima, nikaitumia ile heshima kujifichia.

Neno lilikuja kweli. Kesho yake mke wangu akaniambia, "Mume wangu, mrudishie baba ile redio yake. Kwa hii hasikii kitu."

"Baba kasema?"

"Baba atasemaje?"

"Basi na wewe uko upande wa Danieli!" Akachukua ndoo akaenda kisimani.

Safari zikaendelea. Nilipitia Mwanjelwa mara nyingi tu, lile duka nikilikwepa. Siku moja nikaingia sokoni kutafuta mchele wa Usangu, nikakutana na mtoto wa yule dada yake mzee, anauza pale. Nikampa mkono. Hakuupokea.

"Mjomba ni mzima?" akaniuliza.

"Mzima kabisa."

"Yuko Igowole?"

"Yuko, aende wapi?"

"Basi sawa." Akaendelea kupima mchele wa mteja. Nikamwuliza kuna nini. Akaweka kopo chini.

"Mama tumemzika. Tulitangaza redioni mara mbili. Wazee walitaka tuzike mapema, nikawaomba tumngoje mjomba, wakanigombeza, nikang'ang'ana. Hakuja, hakutuma mtu. Udongo wa kwanza nilitupa mimi. Mama aliulizia mdogo wake mpaka sauti ikakatika."

Mchele sikununua. Nilirudi kwenye lori mikono mitupu.

Kumwambia mzee nilimwambia mwenyewe, hilo angalau. Alikuwa amekaa mezani, Saba iko mbele yake juu ya kitambaa cha kufuma cha mama mkwe. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Walitangaza?" Nikasema walitangaza. "Jioni?" Jioni, baba. Akaweka kiganja juu ya ile redio, akasema, "Nilikuwa nimekaa hapa hapa."

Hakulia mbele yangu. Alikwenda Mbeya, akakuta nyuso zimefungwa. Wapwa zake walimpa kiti, wakamwacha nacho. Aliwaeleza habari ya redio, wakamjibu kwamba hata majirani wana redio, wasijue kwamba majirani walikuwa wanasikilizia kwake. Akarudi amezeeka.

Nilikimbilia Mwanjelwa kuifuata ile Tatu. Mwenye duka akaniambia ilinunuliwa zamani, na Tatu hazitengenezwi tena. "Ila Kipanga wametoa Nane, na Tausi nao wamejibu, kuna Tisa." Tisa! Nilitamani niivunje pale pale mezani! Akanitazama, akasema, "Si nilikwambia?" Nikatoka bila kuaga.

Sasa hapa nisikilize vizuri, maana hili sijamwambia mtu, hata mke wangu.

Juzi juzi mzee ameniita. Nikadhani leo ndiyo leo, leo heshima itavunjika, na moyoni nikashukuru. Bora anitukane! Akaniambia, "Mkwe, nakuona umekonda. Usijitese. Wewe ulinitakia mema. Ni watu wa maduka hao, wamekuona mtu wa shamba, wakakudanganya."

Nilikuwa na nafasi. Mlango ulikuwa wazi, tuko wawili tu. Ningesema, hapana, baba, yule mtu aliniambia ukweli nikamkaripia. Nilitaka kumshinda Danieli tu.

Unajua nilijibu nini? Nilijibu, "Ndiyo, baba. Walinidanganya."

Akanipa pole. Akamwagiza mama mkwe anifungie gunia la viazi, la kunipoza roho. Liko hapa ndani kwangu, viazi vimeanza kuchipua, na kila mke wangu akitaka kuvipika namwambia subiri.

Wewe unayenisoma, namba iliyoandikwa usoni mwa kitu ni ya hao wanaoshindana, haikujui wewe wala kwenu. Ukitaka kumpelekea mzazi kitu, kiwashe kwanza pale pale kitakapokaa, na redio inayosema usiichukue mpaka mpya nayo imesema. Danieli wako mwache asifiwe, hakupunguzii kitu.

Na mkwe wako akikuambia kwamba ulidanganywa, tafadhali, usijibu kama nilivyojibu mimi.