Kiangazi cha Mwaija

Watu wa Korogwe walimjua Mwaija Mhina kwa herufi zake. Mabango ya saluni, ya maduka ya pembejeo, ya vibanda vya chipsi, mengi yalipita mkononi mwake, na hakuna herufi iliyokaa upande. Ufundi huo alifundishwa na mzee Habakuki, aliyekuwa na kibanda karibu na stendi na aliyempokea akiwa binti wa miaka kumi na tisa, mafundi wengine wakimcheka.

Lakini jioni, kazi za watu zikiisha, alichora zake. Nyumbani kwake Masuguru alikuwa na mbao chungu nzima zenye mashamba ya Handeni alikozaliwa. Hayakufanana na picha za kamera. Aliyachora yalivyomkaa moyoni, mahindi yamepinda kama watu wanaokimbia, milima ya zambarau.

"Hivi wewe umewahi kuona mlima wa zambarau?" jirani yake Hosiana alimwuliza siku moja.

"Nimeuona. Asubuhi tuliyomzika mama."



Mwaka jana chama kimoja cha wakulima huko Handeni kilimaliza kujenga ukumbi. Mwenyekiti, Mzee Awadhi, akamwita Mwaija ajaze ukuta wa mbele kwa majira yote manne ya mwaka. Hakumwambia zaidi ya hapo. Mwaija alipakia ndoo zake za rangi kwenye basi, akaenda.

Masika aliyashusha kwa mistari mizito ya kijani iliyokaribia weusi. Kipupwe akakipa kijivu kilichopoa. Vuli akaitia manjano, mbichi kama chipukizi. Kati ya vuli na masika akaweka kiangazi, na hapo hakujizuia. Mbingu nyekundu ilishuka mpaka kwenye mapaa ya nyumba. Miti ilijikunja, myeusi. Chini yake mwanamke ameinama, mikono yake mirefu kupita kiasi, anachimbua mizizi ya kula. Mwaija alikuwa na miaka tisa mwaka ule wa ukame, na aliyekuwa akichimba alikuwa mama yake.

Katibu wa chama, Enock, alikuja kutazama akashika kiuno.

"Dada, hii nini? Mgeni rasmi anakuja Jumamosi kufungua ukumbi. Ataona tunalia njaa."

"Mlitaka majira. Kiangazi si majira?"

"Weka kijani kidogo. Weka hata twiga."

"Twiga sijamwona shambani kwetu."

"Basi ipake nyeupe, uanze upya."

Mwaija alifuta brashi yake taratibu. "Chokaa mnayo, na mikono mnayo. Mkono wangu hauifuti picha hii."

Kesho yake asubuhi alikuta kiangazi kimefutwa. Katikati ya ukuta palibaki chokaa, bado mbichi, na matone yake sakafuni. Aliweka ndoo zake chini. Kisha akaketi kusubiri chokaa ikauke, na mchana ilipokauka akafungua kopo la rangi nyekundu akapanda jukwaa lake la kuchorea.

Enock alipomkuta huko juu alikimbia kumwita mwenyekiti.

"Mwaija, teremka tuongee," Mzee Awadhi alisema.

"Shikamoo, mzee. Ninakusikia vizuri hukuhuku."

"Marahaba. Wewe binti, chama kimeamua."

"Chama kipi? Wanachama wameulizwa?"

Mkono wake haukusimama. Safari hii mbingu ilitoka nyekundu zaidi. Wanawake waliokuwa wakipepeta mahindi uani waliingia mmoja mmoja, nyungo mikononi, wakasimama nyuma ya mwenyekiti. Mmoja wao, Grasiana, alisogea mpaka karibu na ukuta.

"Huyu ni mimi," alisema. "Mwaka juzi tu, mzee. Unasahau? Hata mgongo ni huu."

"Ndiyo maana sitaki wageni wauone," Enock akadakia.

"Mgongo wangu unakutia aibu wewe?"

 Mzee Awadhi alimtazama mwanamke wa ukutani. Hakusema amekubali. Alisema tu kwamba mgeni akiuliza, Mwaija atajibu mwenyewe, kisha akatoka.

Jumamosi mgeni alisifia mahindi ya chama, kisha akauliza habari ya mwanamke wa ukutani. Enock akawahi kujibu kwamba hiyo ni habari ya zamani sana. Mwaija akasimama kutoka viti vya nyuma.

"Si ya zamani, mheshimiwa. Aliyechimba mwaka juzi ameketi hapa pembeni yangu. Mahindi mliyotusifia leo na mizizi ile, shamba ni lilelile."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mgeni akatikisa kichwa, akaomba apigwe picha upande wa vuli. Ukuta haukuguswa tena, ila chama nacho hakikumwita tena Mwaija kwa kazi yoyote, na Enock akikutana naye anatazama pembeni. Mwaija humsalimia kwa sauti kubwa, makusudi.

Mwezi uliopita Grasiana alifika Masuguru. Anajenga nyumba Kwamndolwa, hapohapo Korogwe, na sebule imeshapigwa lipu.

"Nataka masika, ukuta mzima," alisema. "Chora unavyoyaona wewe."

"Mumeo amekubali?"

"Atazoea," alisema Grasiana, akaomba aonyeshwe rangi.