Walipokatazwa Kuja Kulia na Kukhu

Ilikuwa Jumamosi, saa kumi na robo jioni, mwaka ule wa korona. Tulikuwa Matulo, nyumbani kwa bibi yangu, tunayemwita Kukhu. Babu tulikuwa tumemzika Alhamisi, watu wa familia tu, jinsi serikali ilivyotaka.

Huku mtu akija matangani huanza kulia akiwa bado njiani, ili mwenye msiba amsikie kabla hajamwona. Kukhu alizingoja sauti hizo kuliko chakula. Akina mama wa kijiji wakakubaliana wenyewe: watakuja nyumba moja moja, kila mtu na kigoda chake, hakuna kushikana mikono, na kafyu isiwakute. Hakuna aliyewasimamia. Mimi nilishangaa, maana kwetu Kitale watu walivaa barakoa kidevuni mpaka waone polisi.

Jumamosi hiyo ilikuwa zamu ya jirani mmoja na binti zake wawili. Walikaa mbali mbali kando ya jikoni. Gari la polisi likaingia mpaka uani. Askari wakasema matanga ni marufuku. Jirani, ambaye hajui kunyamaza, akauliza, "Ati afande, hii korona inaogopa rungu?"

Askari mmoja akakipiga teke kigoda cha jirani, mguu wa kigoda ukavunjika. Kisha wakawapakia wote watatu garini. Sijawahi kuona mtu mzima akikamatwa kwa sababu ya kulia. Nilisimama na birika la chai mkononi, nikasahau hata kuliweka chini.

Mkubwa wa askari hao hakuwa mkali. Alimwambia Kukhu polepole, "Mama, huu ugonjwa ulichukua ndugu yangu. Afadhali unichukie."

"Sikuchukii," Kukhu akasema. "Lakini sasa nitalia na nani?"

Huyo mkubwa akapanda garini, wakaondoka.

Jirani na binti zake waliachiliwa kabla ya giza, lakini kijiji kizima kilikuwa kimeshaogopa. Jumapili asubuhi hakuna aliyekuja. Kukhu aliketi mlangoni, uso ukielekea njiani, na uji niliompikia ukapoa bila kuguswa.

Mimi ni mtu wa haya. Hata darasani nikijua jibu, nanyamaza tu. Lakini asubuhi hiyo nilitoka, nikashuka mpaka barabarani, nikageuka. Nikaanza kulia kwa sauti, nikimwita babu, nikipanda kuelekea kwa Kukhu kama mgeni aliyetoka mbali.