Ada ya Kuhuisha Mkataba

Jumamosi, tarehe 4 Januari 2025, saa nne asubuhi, wapangaji tisa walikusanyika penye mfereji wa maji katika ploti moja mjini Gilgil. Maxwel, wakala mpya wa mwenye nyumba, alikuwa amewaarifu kwamba kila mkataba ungehuishwa kwa ada ya shilingi elfu tatu, mbali na kodi. Asiyelipa kufikia tarehe ishirini angehama.

Aliyeanza kusema alikuwa Chepkurui, Mama Zeddy kwa majirani, aliyeshona magunia kwenye machimbo ya Kariandusi kwa miaka kumi na tisa na kuishi chumba cha sita kwa miaka kumi na minne. Mwenye ploti wa kwanza, marehemu sasa, alisema, alihuisha mkataba kwa kupeana mkono mlangoni, wala mkono ule haukuwa na bei. Basi asilipe mtu. Kipkirui wa chumba cha pili, fundi wa baiskeli, alitania kwamba wakiondoka wote tisa, Maxwel atawapangishia panya. Walicheka, wakaomba, wakaitikia amina, ahadi ikafungwa.

Chepkurui aliishika. Jioni ya tarehe kumi na tisa alifunga vyombo vyake. Alikuwa na mahali pamoja tu pa kwenda, kwa dada yake Olenguruone, na huko hakuna magunia ya kushona. Kuhama chumba kulikuwa kuiacha kazi.

Asubuhi Maxwel alifika na mikataba, akamkabidhi na wake.

"Sikulipa," Chepkurui alisema.

"Umelipiwa, mathe. Imetoka kwa simu ya Kipkirui. Wenzako walimaliza kulipa zao ile wiki ya kwanza."

Alimwendea Kipkirui, akamkuta akiziba tyubu. Fundi hakuinua kichwa, wala hakukana. Walikuwa wamemchangia wote wanane, alisema, shilingi mia tatu sabini na tano kila mmoja.

"Ungeondoka wewe, Mama Zeddy, sisi tungetazamana vipi?"

Chepkurui aliitafuta hasira moyoni mwake asiione. Shukrani nayo haikuja. Alirudi chumbani, akatia sahihi palipowekwa alama, akafungua vyombo na kuzirudisha sufuria mahali pake, kubwa chini, ndogo juu. Kisha akaenda kazini, akiwa amechelewa kwa saa moja na nusu.

Mkutano mwingine haukuitishwa. Kufikia tarehe mosi Februari, hakuna aliyekuwa amehama. Waliobaki, tisa.