Sanduku la Usukani Alilotuletea Baba Mdogo

Baba alipofariki, ndugu zake walikuja nyumbani kwetu, mtaa wa Panda mjini Likasi, vitu vikaanza kuondoka kimoja kimoja. Friji ilikwenda na shangazi. Cherehani ya mama aliichukua baba mdogo, akasema anaiazima kwa wiki moja tu, na mpaka leo mke wake anashonea watu nayo huko mtaa wa Kikula. Gari hawakuligusa, na si kwa huruma. Ni gari la Kifaransa, la zamani kuliko mimi. Injini yake iliwaka vizuri, lakini usukani ulizunguka karibu robo duara kabla magurudumu hayajageuka hata kidogo. Hakuna aliyethubutu kutoka nalo langoni.

Likabaki chini ya bati, na mama akazoea kuchambulia sombe, majani ya muhogo, kivulini pake. Miguu yake ilipoanza kuvimba na pikipiki zikawa zinamtesa, aliniita. Mimi hufundisha ufundi wa magari katika shule moja ya hapa mjini, na wa kwanza kunifundisha ni baba mwenyewe.

"Uitengeneze," alisema, "lakini usiambie muntu. Ikitembea tu, batakuya kuikamata."

Kwa asiyewahi kufungua sanduku la usukani, nimwambie kwanza asiliogope. Ni kisanduku cha chuma mwishoni mwa nguzo ya usukani. Ndani mna shafti iliyochongwa mzingo, kama skrubu nene. Ukizungusha usukani, skrubu hiyo inazunguka, na jino la shafti ya pili, lililokaa ndani ya mzingo, linasukumwa huku au kule. Shafti hiyo ya pili ndiyo inayoshika mkono unaovuta magurudumu. Beringi mbili huizuia skrubu isicheze, na bushi huishika shafti ya pili. Vyote hivyo vikilika, wewe unazungusha na magurudumu hayana habari. Letu lilikuwa limelika hivyo. Skrubu yenyewe ilikuwa bado nzuri, lakini beringi zilikuwa na mashimo kama uso uliopata ndui.

Nililifungua Jumamosi, mlango wa uani umefungwa. Katikati ya wiki baba mdogo akafika na gunia.

Huyu ni mdogo wa baba kabisa. Ananunua magunia ya madini Kamatanda na kuyauza tena. Tangu mazishi hakuwahi kutuletea hata unga wa kupikia bukari, yaani ugali. Siku hiyo alitua gunia barazani, akafungua kamba, na ndani mlikuwa na sanduku la usukani la gari kama letu.

"Mama, nilisikia uko unafungua motokari ya yaya," aliniambia. Ananiita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Yaya ni kaka yake mkubwa, yaani baba.

Nilimwuliza amesikia kwa nani. Akajibu kwamba Likasi ni ndogo. Nikamwuliza amelitoa wapi, akasema kwa mtu. Bei gani? Hakuna bei, ni zawadi. Kisha akatoa ombi moja, kwa sauti ya mtu anayeomba maji ya kunywa: yeye ndiye awe wa kwanza kuliendesha.

"Siku itakuwa tayari, minye njo wa kwanza kuitembeza. Nitafika nayo paka Kikula, nirudi."

Mama alinitazama. Cherehani nayo ilikuwa imekwenda mpaka Kikula tu.

Alipoondoka, mama alikataa gunia liingie ndani ya nyumba. Alisema mtu anayekunyima unga hakuletei chuma bure. Kwa hesabu yake, sisi wawili tukifia ndani ya gari hilo, nyumba na vilivyobaki vitakuwa vya baba mdogo. Sikumbishia. Nilimwambia tu kwamba chuma hakifichi mambo mbele ya mtu aliyekifungua, na nikaanza kulifungua.

Nilitafuta ufa. Nilitafuta shafti iliyokatwa nusu kwa msumeno na kufunikwa kwa grisi. Niliosha kila kipande kwa mazuti, yaani dizeli, nikakigeuza juani. Beringi ziling'aa, bushi zilibana vizuri, na uzuri huo ukazidi kunitia wasiwasi. Ndipo nikalaza skrubu zile mbili mezani, yetu na yake, bega kwa bega. Yetu mzingo wake ulipanda kwenda kulia. Yake ulipanda kwenda kushoto, kama mtu na sura yake kwenye kioo.

Nilielewa mara moja. Huku kwetu usukani huwa kushoto, lakini magari mengi huvuka kutoka Zambia yakiwa nao kulia. Mengine mafundi huyahamishia usukani kushoto, mengine hukatwakatwa na kuuzwa vipande. Kwa gari la aina hii kisanduku cha nje ni kilekile na matundu ya bolti ni yaleyale. Tofauti ni mzingo tu. Ukilifunga sanduku hilo kwenye gari letu, ukikata kushoto gari litakwenda kulia. Mtu aliyelifunga bila kulifungua asingegundua mpaka atoke langoni, na mbele ya lango letu hupita malori ya madini.

Je, baba mdogo alijua? Swali hilo lilikaa nasi mezani kila tulipokula. Mama hakuwa na shaka yoyote. Mimi nilitaka kuona uso wake. Kwa hiyo nililifunga sanduku lake kama lilivyo, nikainua mbele ya gari kwa jeki, nikaweka magogo chini, nikaondoa betri. Kisha nikamwita.

Alikuja Jumapili akitokea ibadani, na suti yake. Nilimwambia bado namalizia, lakini aketi ajaribu usukani. Mama alikuwa ameketi kigodani mbele ya gari, akiyatazama magurudumu. Nikamwomba baba mdogo akate kushoto, kama anayetoka langoni kwenda Kikula.

Akakata kushoto. Magurudumu yakageuka kulia.

"Shemeki," mama alisema taratibu, "unaenda wapi?"

Baba mdogo alitoa kichwa dirishani, akatazama gurudumu. Akarudisha usukani, akakata tena, akatazama tena. Mikono yake ikaachia usukani kama imeungua. Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo au kwa kicheko. Sikujiandaa kwa alichosema.

"Munataka kuniua?"

"Ni weye uliileta," mama alimjibu.

"Lakini minye njo ningeitembeza wa kwanza! Niliwaambia. Wa kwanza!"

Na kweli alikuwa ametuambia. Mtu anayejua kwamba gari litageuka upande usio wake haombi kulitembeza wa kwanza. Alishuka, akaegemea mlango, akaanza kumlaani mtu wa Kamatanda aliyemwuzia. Kwa hiyo zawadi ilikuwa na bei. Mama aliangua kicheko, cha kwanza tangu mazishi. Aliingia ndani, akamletea kiti na maji.

Hapo ningeweza kumaliza, kama baba mdogo asingeongeza neno. Alipomaliza maji, nami nimemweleza habari ya mzingo, alinishauri niitupe skrubu yake na nitumie beringi zake kwenye sanduku letu, maana ni nzuri. Kwa ufundi alisema kweli. Nilikuwa nimewaza hivyohivyo.

"Na minye vilevile nitakuwa na kitu mu motokari ya yaya," alisema.

Mama aliacha kucheka.

"Kumbe haukutaka kutuua," alisema. "Ulitaka tu motokari. Sasa nimekujua. Mutoto, toa kitu yake yote, urudishe mu gunia. Hata ekru moja isibakie."

Nililifungua mbele yake. Nikamrudishia beringi, bushi, sili, bolti, kila ekru, yaani nati, na hata grisi nikaifuta. Aliondoka kwa pikipiki, gunia magotini.

Beringi nyingine nilizitafuta sokoni wiki nzima. Bushi alinichongea mzee mmoja aliyefanya kazi na baba. Ukifunga, kaza skrubu ya kurekebisha kidogo kidogo huku magurudumu yametazama mbele, mpaka mchezo uishe, kisha simama. Ukizidisha, usukani utakuwa mzito na kazi yako nzuri italika upya.

Siku tuliyotoka, nilikata kulia gari likaenda kulia, na mama akashusha pumzi. Tulipokaribia parokia, tulimkuta baba mdogo kando ya barabara, kana kwamba aliambiwa saa. Aliomba tumsogeze. Mama alikubali, lakini nyuma. Njia nzima baba mdogo alisifu usukani, akaniuliza beringi nimepata wapi, na nikamjibu kwa mtu.

Aliposhuka hakuondoka upesi. Aliweka kiganja juu ya paa, akakiacha hapo, kisha akagonga mara mbili, kama mwenye gari anayemruhusu dereva aende.

"Kesho tutapita njia ingine," mama alisema, akabonyeza kitasa kuufunga mlango wake.