Taa ya Njano ya Mama

Mama alikuwa na taa moja ya nje aliyoipenda kuliko sisi watoto wake, na mtu asinibishie. Leo hayupo, na giza likiingia bado namtafuta uani. Ilikuwa balbu ya zamani, ya mwanga wa njano, yenye joto la kukaanga wadudu. Ilining'inia kwenye pembe ya nyumba yetu Bukiriro, upande unaotazama vilima vya Burundi, na kila jioni aliiwasha kwa mkono wake mwenyewe.

Aliiwasha kwa ajili ya kaka yangu. Kaka aligombana na Baba kwa sababu ya shamba la migomba, akavuka mpaka kwenda Burundi kwa ndugu wa bibi yetu. Baba alipofariki hakuja kuzika, na tangu hapo aibu ikamfunga miguu. Simu hakupiga. Watu wa sokoni ndio walituambia kwamba yu mzima, analima kwenye kilima kile kile tunachokiona kutoka nyumbani. Mama akasema, basi na yeye atuone.

Ndipo wakaja watu wa umeme na kampeni yao. Walifunga paneli za jua kwenye zahanati, wakapika maharage kwa jiko la presha la umeme mbele ya ofisi ya kata, kisha wakatangaza kwamba ukileta balbu ya zamani unapewa mpya ya kubana matumizi, bure. Nani anakataa cha bure? Kijiji kizima kilipanga foleni. Mama alipeleka ya chumbani, ya sebuleni na ya jikoni. Ile ya nje aliifukia kwenye gunia la maharage.

Binti mmoja wa kampeni ile alipita nyumba kwa nyumba kukagua. Akampa Mama shikamoo, akaona holda ya balbu ya nje iko tupu, akauliza. Mama alijibu kwa Kihangaza, mimi nikatafsiri huku uso ukiniwaka.

"Taa zenu ni nyeupe," Mama alisema. "Mwanangu ataijuaje nyumba?"

Binti yule hakucheka. Alieleza taratibu kwamba balbu ile moja inakula umeme kuliko zote mpya za nyumba zikiwekwa pamoja, na kwamba za kubana matumizi zenye mwanga wa njano zipo, ila ziko Biharamulo, atamletea. Mama akasema akizileta wataongea. Mimi ndiye niliyekuwa nanunua umeme wa nyumba ile, jamani, na nilinuna hadi jioni.

Jioni hiyo kijiji kizima kiliwaka cheupe. Ya kwetu peke yake ilibaki njano, na majirani walitutania weee mpaka wakachoka.

Ikaungua msimu wa mvua. Nilizunguka maduka yote ya Ngara mjini, wauza duka wakaniambia hizo siku hizi haziletwi. Nikampigia yule binti, akasema amezipata, atapita akija upande wetu. Nilitaka kuweka nyeupe kwa muda, Mama akakataa kata kata. Alikaa uani gizani, chakula hakigusi.

"Atadhani tumehama," alisema.

Nilimwonea huruma, na hasira zangu zote zikaniisha.

Asubuhi moja nikiwa namenya ndizi uani, mwanamume mwenye mvi akasimama kwenye uzio na mkungu begani. Sikumtambua mpaka alipovua kofia. Alikuwa kaka yangu. Akanipa pole ya msiba. Nikamuuliza msiba gani, na kabla hajajibu Mama akatoka jikoni na kisu mkononi. Mkungu ukamwanguka.

Alilia kwanza, ndipo akaeleza. Zamani taa za kilima chetu zilifanana, hakujua ya kwetu ni ipi. Zilipogeuka nyeupe zote ikabaki moja ya njano, akajua hakuna mbishi wa namna hiyo ila Mama. Kila jioni aliitazama, na akiiona imewaka alijiambia Mama yupo, nitakwenda kesho. Ilipozimika, akaja kuzika.

Mama alimshika uso kwa mikono miwili, akamtazama zile mvi.

"Ningejua," akasema, "ningeizima siku nyingi."