Kinyozi Aliyeuliza Nyayo
Kinyozi wa Temeke hakuwa na haraka na mtu. Kila alipotaka kushika wembe, kwanza alivua makubadhi, akakanyaga mchanga, akaweka kiganja tumboni na kuisikiliza pumzi yake ikipanda na kushuka, mpaka uso wake ukalainika kama wa mtu anayesinzia. Siku moja kijana aitwaye Fakihi alikaa kitini pake miguu mitupu, akitetemeka. Tangu arudi kutoka vitani Burma hakumruhusu mtu amguse shingo. Kinyozi akauweka wembe kando.

“Mwanangu, nyayo zako ziko wapi?” akamwuliza kwa sauti ya chini.

Fakihi akazikandamiza nyayo mchangani, akizitafuta. Ubaridi wa mchanga ukampanda taratibu, magotini, tumboni, hadi kifuani.

“Zipo hapa, mzee,” akasema, machozi yakimtoka. Kisha akainua kidevu, akamwachia shingo.